Samaki Waliokufa Nyumbani kwa Lemayian

Apewe sifa Mungu aliye hai, aliyeumba maji kabla ya kutuumba sisi, akajaza samaki ndani yake, kisha akamweka mwanadamu avitunze vile alivyovikuta. Namshukuru kwa pumzi ya asubuhi hii, kwa macho ambayo bado yanaona herufi, na kwa uvumilivu wake kwangu. Kama angenihesabia makosa yangu yote ya kazi, nisingekuwa na uso wa kuwaandikia.

Vijana wangu, mlinijia baada ya ibada mkaniuliza kwa nini samaki wa mapambo hufa katika tangi jipya, wakati maji yanaonekana safi na chakula kipo. Mimi niliunda matangi ya samaki na kuyahudumia kwa miaka mingi, Kitengela, Ngong, Kajiado mjini, na katika nyumba chache za Nairobi. Nitawajibu. Ila jibu langu ni refu, na mwisho wake hauhusu samaki peke yao.

Nilianza kama fundi wa vioo vya madirisha. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Kitengela ilikuwa barabara moja na maduka ya mabati, na ardhi nyeusi inayopasuka wakati wa kiangazi na kuvua watu viatu wakati wa mvua. Aliyenifundisha matangi ni Mzee Okoth, fundi aliyetoka upande wa ziwa. Kila tulipomaliza tangi alilizunguka akicheka peke yake.

"Musyoka," aliniambia, "kwetu samaki tunamwangalia akiwa kwa sahani. Hawa watu wanalipa stima ili samaki akae tu? Na hata ugali hawajasonga!"

Kosa langu la kwanza nililifanyia Ngong, kwa mwalimu mmoja. Niliunga vioo vya tangi lake kwa gundi ya silikoni iliyobaki kwenye kazi ya bafu. Kesho yake samaki wote walikuwa wanaelea. Mzee Okoth alichukua ule mrija wa silikoni, akanisogezea machoni.

"Soma hapa."

"Inazuia maji."

"Endelea."

"Inaua ukungu."

"Sasa kitu cha kuua ukungu kitamwacha samaki kwa sababu ana sura nzuri? Soma maandishi mpaka mwisho, ndugu yangu. Wewe unasoma kama mtu anaruka mtaro."

Jambo la pili ndilo linalowaua samaki wenu wengi. Samaki huenda haja ndani ya maji yale yale anayopumua. Katika tangi la zamani kuna viumbe wadogo wasioonekana, wanaoishi kwenye changarawe na kwenye sponji ya chujio, nao huula ule uchafu kabla haujawa sumu. Katika tangi jipya viumbe hao hawapo. Mzee Okoth alikuwa akisema tangi jipya ni nyumba bila choo, na ukikaribisha wageni ishirini siku ya kwanza utajuta. Kwa hiyo jaza maji, washa pampu, tia konzi moja ya changarawe kutoka tangi la zamani lenye afya, kisha ngoja. Ngoja mwezi. Anza na samaki wawili wagumu. Sponji ikichafuka, ikamue ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe. Ukiiosha kwa maji ya mfereji utawaua wale viumbe na kurudi mwanzo.

Tena maji ya visima vyetu yana chumvi, ndiyo haya yanayotia watoto wetu meno ya kahawia, na si kila samaki atayaweza. Maji ya mfereji yana dawa ya kuua vijidudu. Yaache kwenye ndoo wazi siku mbili. Na sabuni, hapana. Sabuni isikaribie tangi. Ukitaka kutia mkono ndani, uoshe kwa maji matupu. Nilikuwa mkali juu ya hilo hata akina mama wa nyumba nilizohudumia wakanipa jina, wakaniita Fundi Bila Sabuni. Nilifurahia jina hilo. Nilidhani ni sifa.

Sasa niwaeleze habari za nyumba ya Lemayian.

Lemayian alikuwa ameuza kipande cha shamba lake, kama wengi walivyofanya miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, akajenga nyumba ya mawe nje kidogo ya Kitengela. Alikuwa na mke, ambaye sote tulimwita Mama Naserian, na binti mmoja, Naserian mwenyewe, wa miaka minane. Jikoni alikuwako Kavata, msichana aliyetoka Mwingi. Alikuwa ameajiriwa Naserian akiwa bado wa kubebwa, na tangu hapo mtoto huyo alimfuata kila pembe ya nyumba akishika ncha ya leso yake. Akirudi shuleni alimrukia mgongoni kabla ya kuvua viatu.

"Sopa, fundi," Lemayian alinisalimu siku ya kwanza.

"Epa," nilimwitikia kwa Kimaasai.

"Huyu mtoto aliona samaki kwa nyumba ya daktari huko Kajiado. Sasa hata ndama akizaliwa hataki kumuona. Ni samaki, samaki. Tuwekee."

Kavata alitoka jikoni akifuta mikono. "Na nani ataosha hiyo kitu? Mzee, hawa samaki wako wanaenda choo wapi?"

"Humo humo ndani."

"Woi! Na wanakunywa?"

Tulicheka wote. Siku ile nilimwambia kwamba ameuliza swali la fundi kuliko mafundi wengi.

Niliunda tangi zuri. Silikoni nilisoma mpaka nukta ya mwisho. Nilingoja mwezi mzima, nikija kila Jumamosi alasiri kubadilisha sehemu ya maji na kupanga mawe. Siku ya samaki, nayo ilikuwa Jumamosi, nilileta wanane wa rangi ya dhahabu wenye mikia mirefu. Nilijua ni wengi kuanza nao, lakini changarawe ilikuwa na nguvu na mtoto alikuwa amengoja vya kutosha. Naserian aliwapa majina ya ndama wa babake. Mwekundu kuliko wote alimwita Nanyokie.

Jumatatu nikaitwa. Wote walikuwa wamekufa. Kavata, aliyewaona wa kwanza asubuhi ile alipokuwa akifagia, aliniambia walikuwa wakizunguka kama walevi, wakijigonga kwenye kioo, kisha wakalala ubavu vinywa vikiwa wazi. Nilichunguza kila nilichokijua. Hewa ilikuwapo. Joto lilikuwa sawa. Hakuna aliyepuliza dawa ya mbu karibu na pampu. Mama Naserian aliapa hakuna sabuni. Nilimwaga maji, nikachemsha mawe, nikaleta changarawe nyingine. Baada ya wiki kadhaa, siku ya Alhamisi, nikaleta samaki wengine, wawili tu safari hii. Ijumaa walikuwa wakila vizuri. Jumamosi niliwahudumia. Jumapili jioni walikuwa wamekufa. Mara ya tatu ikawa vivyo hivyo.

Msione ni jambo dogo. Mtoto aliacha kuzungumza mezani. Nami nilikuwa na jina langu la kulinda. Nilikuwa fundi ninayeaminiwa, na mzee wa kanisa, na nilijua ninachofanya. Nilijua sana.

Jumanne moja wazazi waliniketisha sebuleni mbele ya tangi tupu. Naserian alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake.

"Fundi, tuambie ukweli," Mama Naserian alisema. "Hii maji yako iko sawa?"

"Maji yangu ni sawa, mama. Nimeangalia kila kitu. Kuna mkono wa mtu unaingia humu."

Sikutaja jina. Nilijipongeza moyoni kwamba sikutaja jina. Lakini nyumba ile ilikuwa na watu wazima watatu tu, na wawili kati yao walikuwa mbele yangu wakiniuliza.

Wa tatu aliingia na birika la chai.

"Kavata," Mama Naserian alisema, "wewe ndiye unabaki hapa mchana. Umeweka nini kwa tangi?"

"Mimi? Mama, mimi niweke nini?"

"Nilikukataza kwenda kwenu Pasaka, ukanuna wiki mbili. Na nyinyi watu wa kwenu mnajulikana na mambo ya dawa na uchawi."

Kavata aliweka birika chini. Akanigeukia mimi. "Mzee, na wewe ni wa kwetu. Si uwaambie?"

Ni kweli, mimi ni Mkamba kama yeye. Neno moja lingetosha. Ningeweza kusema, "Mama, hilo la watu wa kwetu liache." Ningeweza kusema, "Sijui kinachowaua," na hilo ndilo lililokuwa kweli. Badala yake nilitumia ile sauti ya upole ninayotumia kanisani, nikasema, "Binti, kama ni sabuni iliponyoka kwa bahati mbaya, sema tu yaishe."

Nilidhani ninamsaidia.

"Hakuna sabuni," alisema. Alitazama nyuma ya kiti. "Naserian, mimi naweza kumuua Nanyokie?"

Mtoto aliinamisha uso nyuma ya kiti asijibu. Alasiri ile ile Kavata aliondoka na mkoba wake, mvua ikinyesha.

Majuma machache baadaye kanisa lilinipa darasa la ubatizo la Jumamosi alasiri, nami nikahamishia kazi ya nyumba ile Jumatano. Nikaleta samaki wanne. Wakaishi. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, mwezi, miezi. Mama Naserian aliniambia, "Umeona sasa?" Nami nikaona. Nilisimama kanisani Jumapili moja nikatoa ushuhuda, jinsi Bwana anavyofichua yaliyofichwa. Watu wakasema amina.

Sijawaambia habari za mbuzi wangu. Mwaka ule wa tangi la Lemayian nilikuwa nimeanza kufuga mbuzi, na kila Jumamosi asubuhi niliwapeleka kwenye zizi la pamoja tukawanyunyizia dawa ya kupe. Bomba langu la kunyunyizia lilikuwa la zamani, likivuja kwenye mpini. Nilimaliza mikono yangu ikiwa imelowa hadi viwiko. Nilisuuza kwa maji, nikala, nikaenda kazini.

Zaidi ya mwaka baada ya Kavata kuondoka, tulikuwa pale zizini, na jirani yangu mmoja alikuwa ametia bomba lake ndani ya bwawa la karibu akilisuuza. Daktari wa mifugo alimpigia kelele.

"Wewe! Hiyo bomba usioshee kwa dam! Unataka kumaliza samaki yote?"

"Daktari, hii ni dawa ya kupe, si ya samaki."

"Kupe anataka nyingi. Samaki ni tone tu. Hata hiyo mikono yako, ukiingiza kwa ndoo iko na samaki, kwisha. Na haitoki na maji tupu, inashika ngozi kama mafuta. Mpaka sabuni."

Watu walimcheka jirani. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono ya shati imekunjwa, dawa ikinichuruzika kwenye vidole. Niliokota chupa yangu. Kipimo cha maji nilikuwa nakijua kwa moyo. Sikuwahi kuigeuza. Nyuma, chini kabisa, palikuwa na picha ndogo ya samaki, na onyo pembeni yake.

Hapo kila kitu kilijipanga chenyewe. Nilipowahudumia Jumamosi walikufa, nilipowahudumia Jumatano wakaishi. Nyumba zangu nyingine zote nilizihudumia siku za katikati ya wiki, na hakuna hata moja iliyopata msiba. Na ile amri yangu ya kuosha mikono kwa maji matupu, niliyoifundisha kwa ukali kote nilikopita, ndiyo iliyobeba sumu hadi ndani ya tangi. Mkono nilioutaja mbele ya watu ulikuwa wangu.

Kwa hiyo shikeni hili, ninyi mnaoishi kati ya mifugo. Siku ya kunyunyizia mifugo, usiguse tangi. Ikikulazimu, osha mikono kwa sabuni mara mbili, suuza mpaka isinuke chochote, badilisha shati, ndipo uende. Na samaki wakifa, kabla ya kumuuliza mtu yeyote ndani ya nyumba, jiulize wewe ulishika nini tangu ulipoamka.

Ningependa kuwaambia kwamba nilienda kwa Lemayian siku ile ile. Nilikaa Jumapili mbili. Nilisali, na nilipomaliza kusali nilitafuta sababu za kungoja. Kumbe kusali nako kunaweza kuwa mahali pa kujificha.

Nilipowaambia, Lemayian aliitazama mikono yake mwenyewe. "Mimi nimeosha ng'ombe na hiyo dawa tangu nikiwa kijana," alisema. "Na mimi sikujua. Lakini fundi, wewe ulisema mkono."

Mama Naserian alikuwa akitazama dirishani. "Nilimfukuza kwa mvua," alisema.

Nilimtafuta Kavata kwa wiki moja, nikiulizia watu wa Mwingi waliokuwa wakimjua, mpaka nikaambiwa yuko Kimana kwenye mashamba ya vitunguu. Nilimkuta ameketi juu ya gunia pamoja na wanawake wengine, wakifunga vitunguu. Alinitambua kabla sijafika.

"Mzee wa samaki," alisema. "Umenifuata mpaka huku? Nimeua nini tena?"

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, mbele ya wale wanawake, kwa sababu nilimhukumu mbele ya watu. Hakuacha kufunga vitunguu. Nilipomaliza aliuliza, "Ulijua lini?"

"Wiki tatu zimepita."

"Na mimi niko hapa mwaka na zaidi." Alikaza kamba. "Naserian ameambiwa?"

"Wazazi wake nimewaambia."

"Sijauliza wazazi."

Alikaza kamba nyingine.

"Basi nenda umwambie wewe. Usitume mama yake. Ni wewe mtoto aliamini."

"Utarudi kwao? Wako tayari kukupokea."

"Kazi, hapana. Kumsalimia nitakuja."

"Nisamehe, binti yangu."

"Nimekusamehe, mzee," alisema, akaokota vitunguu vingine. "Lakini usifikiri imekuwa rahisi."

Naserian alikuwa amepelekwa shule ya bweni. Nilingoja likizo, nikaenda nikamwambia, sisi wawili mbele ya tangi, wale samaki wanne wakizunguka wanono bila habari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua hawezi kumuua Nanyokie," alisema. "Lakini wewe ndiye fundi."

Kavata alikuja kabla ya likizo kwisha. Nilialikwa niwepo. Mama Naserian alimpokea mlangoni, akamshika mikono yote miwili, akamwomba msamaha kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia, na ninamheshimu kwa hilo hadi leo. Chai ililetwa kwa vikombe vya kabatini, vile ambavyo Kavata mwenyewe alikuwa akivipangusa vumbi kwa miaka sita bila kuvinywea. Chai ilipokwisha aliinuka akaanza kukusanya vikombe avipeleke jikoni.

"Kaa, kaa," Mama Naserian alisema. "Wewe ni mgeni."

Alisema kwa nia njema kabisa. Kavata akaketi, mikono mapajani.

Ndipo Naserian alipoitwa. Alikuwa amerefuka. Alitoka chumbani taratibu, akavuka sebule, akasimama mbele ya Kavata, akainamisha kichwa aguswe, kama alivyofunzwa kumsalimu mgeni mtu mzima. Ni adabu nzuri. Nimeipokea mara nyingi kwa watoto wa Kimaasai na kila mara hunifurahisha.

Kavata, aliyezoea kurukiwa mgongoni, alikitazama kile kichwa. Aliweka kiganja chake juu yake, kama inavyotakiwa, lakini hakukiondoa. Mtoto naye hakuinua kichwa. Walikaa hivyo. Kisha Kavata akachukua mkoba wake, akatuaga mmoja mmoja, akaondoka. Sijasikia kwamba alirudi tena.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu aibariki kazi ya mikono yako, aisafishe mikono yenyewe, akupe ulimi wa kusema "sijui" mapema, kabla mtu hajafunga mkoba wake, na aijaze amani nyumba yako na kila aliye chini ya paa lake. Amina.